Si Kila Nyoka wa Ghalani Ana Sumu: Tuwajue Wanaofanana

Mavuno yakiingia ghalani panya huyafuata, na panya wakizidi nyoka naye huwafuata. Kwa hiyo hakuna kamati ya parokia yenye ghala la chakula, bweni la wanafunzi, banda la kuku au zahanati inayoweza kusema habari za nyoka haziihusu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wala hatumlaumu. Lakini katika vijiji vyetu hata ambaye hajawahi kuumwa hushtuka, na kila kinachotambaa hupigwa fimbo. Katika toleo hili tunaeleza habari za nyoka wasio na sumu ya kumdhuru mtu ambao wanafanana, wakati mwingine kwa namna ya kushangaza, na wale wenye sumu kali.

Hatuandiki kwa ajili ya kuwatetea nyoka tu. Kufanana huko kunagusa uamuzi mgumu kuliko yote, yaani nini kifanyike mtu akishagongwa, na hapo ndipo watu wanapopoteza maisha na viungo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 duniani hugongwa na nyoka. Wanaopata madhara ya sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7, na wanaofariki ni kati ya 81,000 na 138,000. Mwezi Juni 2017 Shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Tarakimu hizi tuzitazame vizuri. Angalau nusu ya wote wanaogongwa hawapati madhara ya sumu. Baadhi wamegongwa na nyoka asiye na sumu kabisa. Wengine wamegongwa na nyoka mwenye sumu ambaye hakuitoa, kwa kuwa nyoka anaweza kugonga kwa kujihami pasipo kutia sumu.

Sasa tufikirie jiwe jeusi. Wasomaji wengi wanalifahamu: ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi, ambacho hubandikwa juu ya jeraha na kuachwa mpaka kidondoke chenyewe. Limesambazwa sana kupitia misheni za Afrika ya Kati na Mashariki, na kwa nia njema kabisa. Majaribio ya maabara kwa panya waliotiwa sumu hayakuonyesha kwamba lina msaada. Hata hivyo ni rahisi kupata watu walio tayari kushuhudia kwamba liliwaponya, na hawasemi uongo. Waligongwa, wakabandikwa jiwe, wakapona. Wengi wao walikuwa wamegongwa na nyoka ambaye asingewaua hata kama wangebandikwa ganda la ndizi. Nyoka asiye na sumu anayefanana na mwenye sumu ndiye anayelipatia jiwe jeusi sifa yake, pamoja na kuchanja, kunyonya jeraha, mafuta ya taa na mizizi ya kila aina. Siku mtu anapogongwa na kifutu wa kweli, jamaa hutumia dawa ile ile iliyomponya jirani, na saa za thamani hupotea.

KANUNI ZINAZODANGANYA

Baadhi yetu tulifundishwa kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu na mboni ya jicho iliyosimama wima kama ya paka, na kwamba asiye na sumu ana mboni ya duara. Kanuni hii inawafaa watu wa Ulaya, ambako karibu nyoka wote wa kuogopwa ni wa jamii ya kifutu. Huku kwetu ni hatari. Koboko ana mboni ya duara. Swila naye ana mboni ya duara. Wala hakuna hata mmoja kati yao mwenye kichwa cha pembetatu. Nyoka wa nyumbani, ambaye hana sumu, ndiye mwenye mboni iliyosimama kama ya paka. Na yupo kifutu mdogo wa usiku, mwenye sumu, ambaye mboni yake ni ya duara, kana kwamba aliumbwa makusudi ili aiharibu kanuni hiyo.

Rangi nayo haisaidii sana. Koboko, ambaye katika vitabu vya Kiingereza huitwa mweusi, kwa kweli ni wa kijivu au wa rangi ya zeituni. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, na mtu aliyekaribia kiasi cha kukiona kinywa hicho amekaribia mno. Wapo nyoka wa nyasi, wembamba, wa kahawia, wenye mbio nyingi mchana, ambao huuawa kwa jina la koboko ingawa sumu yao ni hafifu na haimwui mtu. Anayepita mbio mbele yako njiani huwezi kumtambua kwa hakika. Mwache apite.

Kinachosaidia ni kujifunza nyoka mmoja mmoja wa mahali unapoishi. Kenya na Tanzania kila moja ina zaidi ya aina 100 za nyoka, lakini wanaozunguka makazi ya watu ni wachache, na mtu mzima anaweza kuwajua kama anavyojua miti ya shambani kwake.

NYOKA WA GHALANI

Nyoka wa nyumbani (wataalamu humwita Boaedon) ni wa rangi ya kahawia, kuanzia ile ya kutu hadi iliyokaribia nyeusi. Anang'aa kama aliyepakwa mafuta, na kwa kawaida hazidi mita moja kwa urefu. Alama yake iko kichwani: mistari miwili myembamba ya rangi ya maziwa kila upande, mmoja ukitoka puani na kupita juu ya jicho, mwingine ukianzia chini ya jicho kuelekea pembe ya kinywa. Kwa nyoka wenye rangi nyeusi zaidi mistari hiyo huweza kufifia. Hutembea usiku. Humkamata panya kwa meno, humviringishia mwili na kumbana mpaka afe. Zaidi ya hayo, kwa wembamba wake huingia shimoni na kula watoto wa panya walio ndani, kazi ambayo paka hawezi kuifanya.

Mara nyingi hudhaniwa kuwa mtoto wa swila au wa koboko. Swila akitishwa huinua kichwa na kutanua shingo, jambo ambalo nyoka wa nyumbani hafanyi kamwe. Lakini tuwe waangalifu hapa, kwa kuwa swila hasimami kila mara, na asiyesimama si lazima awe nyoka wa nyumbani. Mistari ya kichwani ndiyo ya kutafuta, tena kwa tochi na kwa umbali wa hatua kadhaa.

Panya si hasara ya gunia tu. Wasomaji wa Lushoto wanakumbuka tauni iliyowasumbua katika miaka ya 1980 na 1990, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya. Kamati inayomwua nyoka wa nyumbani, kisha wiki hiyo hiyo ikanunua sumu ya panya dukani na kuiweka karibu na mahindi ya kuliwa na wanafunzi, imepata hasara mara mbili.

Hatusemi mumfuge. Panya wanaomvuta nyoka wa nyumbani humvuta pia kifutu, ambaye mahali pengine huitwa moma au bafe, na huyo ndiye anayesababisha majeraha mabaya mengi katika nchi zetu za nyika. Ni mfupi na mnene, ana alama za mfano wa herufi V mgongoni kuelekea mkiani, na hakimbii mtu akikaribia. Hulala kimya mpaka akanyagwe. Huyu naye ana wafanano wake. Katika maeneo makavu ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania yupo chatu mdogo wa mchangani, mnene na mwenye mabaka, asiye na sumu. Kichwa chake hakitofautiani na shingo, na mkia wake ni mfupi. Watoto wa chatu mkubwa pia huuawa kwa kosa hili hili, ingawa juu ya kichwa wana alama nyeusi kama ncha ya mkuki ambayo kifutu hana. Ghala lenye magunia yaliyowekwa juu ya vichanja, mbali na ukuta, na mashimo yaliyozibwa, halina panya wengi, na lisipokuwa na panya wengi swali la nyoka yupi ni yupi halitokei mara kwa mara.

BANDA LA KUKU

Mla mayai (Dasypeltis) ndiye mwigaji hodari kuliko wote tunaowafahamu. Ni wa kijivu au kahawia, na mgongoni ana mabaka meusi yaliyofuatana, na shingoni alama za V. Akitishwa hujikunja kama nusu duara nyingi zilizopangana, kisha huyasugua magamba yake ya ubavuni, ambayo yana makali kama meno ya msumeno, yakatoa sauti ya kukwaruza kama maji yaliyomwagwa juu ya kikaango cha moto. Hukitanua kichwa kikawa cha pembetatu, halafu huruka kinywa wazi, na ndani ya kinywa ni cheusi. Mtu mzima anarudi nyuma. Na maigizo hayo yote yanafanywa na nyoka ambaye hana meno ya maana, achilia mbali sumu.

Hana meno kwa sababu hayahitaji. Hula mayai tu. Hulimeza yai zima, likifika kooni hupasuliwa na ncha za mifupa ya uti wa mgongo zinazochomoza ndani ya koo, hunyonya uji wake, halafu hulitapika ganda. Zaidi hula mayai ya ndege wa porini, kwa kuwa yai la kuku ni kubwa kwa wengi wao, lakini aliyekomaa anaweza. Ushahidi wake hauna haja ya kumtafuta yeye mwenyewe. Uko chini sakafuni: ganda lililobanwa likawa bapa, vipande vyake bado vimeshikana kwa utando, na ndani hamna kitu. Swila naye huingia bandani kutafuta mayai na vifaranga, lakini humeza yai na halitapiki ganda.

Anayemwiga ni nani? Kaskazini mwa Kenya ni nyoka mdogo wa magamba ya msumeno (Echis), ambaye hujikunja na kujisugua vile vile kabisa, na sumu yake huzuia damu isigande. Kwingineko ni yule kifutu mdogo wa usiku (Causus), ambaye ana mabaka na V kama yake. Mla mayai ni mwembamba zaidi, na kichwa chake ni kidogo asipokitanua. Lakini usiku, kwa tochi, ndani ya banda, hakuna awezaye kuwatofautisha kwa hakika, na hatuoni haya kusema hivyo. Kwa hiyo ushauri wetu kwa akina mama wanaosimamia miradi ya kuku ni mmoja: mkono usiingie katika kiota kabla ya mwanga. Swila akitema mate yakaingia machoni, macho yasafishwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Tumbaku na majani yaliyotafunwa yasiwekwe machoni hata kidogo.

WALE WA KIJANI

Hapa ndipo wengi wanapokosea, tena kwa pande zote mbili.

Nyoka wa kijani wa vichakani (Philothamnus) ni wengi, ni wembamba, kwa kawaida hawafiki mita moja na robo, macho yao ni makubwa, na baadhi wana madoa au mistari myeusi sehemu ya mbele ya mwili. Hula vyura na mijusi. Hupanda ukuta na kuingia darini, jambo linalowapa sifa mbaya. Hawana sumu ya kumdhuru mtu. Pwani ya Kenya na Tanzania, na kusini hadi Newala, huuawa kwa kudhaniwa kuwa ndugu yake koboko mwenye rangi ya kijani (Dendroaspis angusticeps). Huyo ni kijani kitupu pasipo madoa meusi, mtu mzima hufika mita mbili, na kichwa chake ni kirefu na jicho si kubwa sana. Ionides, Mwingereza aliyekuwa askari wa wanyamapori na baadaye mkamataji wa nyoka, aliwakamata wengi mno huko Newala katika miaka ya 1950 na 1960, kwenye miembe na mikorosho. Wanaishi juu ya miti iliyo karibu na nyumba za watu na wengi hawaonekani kabisa.

Mpaka hapo mambo ni mepesi kiasi. Lakini yupo wa tatu, nyoka wa miti ambaye jina lake la Kiafrikana, boomslang, limeenea duniani kote (Dispholidus). Dume lake mara nyingi ni la kijani, jike ni la kahawia, na watoto ni wa kijivu wenye macho makubwa ya kijani yanayopendeza. Kichwa chake ni kifupi, jicho ni kubwa kuliko la nyoka wengine wote wa hapa, na magamba yake yana mikunjo wakati yale ya nyoka wa vichakani ni laini. Akikasirika huvimbisha shingo. Nyoka wa vichakani naye huvimbisha shingo, kwa hiyo alama hiyo haitufai kitu. Ni mpole, hagongi ovyo, na watu waliowahi kumshika wakapona husimulia kwamba hana sumu.

Ana sumu, na ni kali mno. Kinachopotosha ni kwamba haiumizi. Hakuna maumivu makubwa, hakuna uvimbe mkubwa, mgonjwa anatembea na kucheka. Baada ya saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima, fizi huanza kutoa damu, kisha mkojo, kisha damu huvuja ndani ya mwili.

Mwezi Septemba 1957, huko Chicago, Marekani, mtaalamu mashuhuri wa nyoka, Karl P. Schmidt, aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Alama moja chini ya mkia haikulingana na zile za boomslang alizozijua, hivyo akasita kumpa jina hilo. Akiwa anamchunguza, aligongwa kidole gumba na jino moja tu. Hakwenda hospitali. Aliandika dalili zake saa kwa saa, asubuhi alikula kifungua kinywa na kujisikia nafuu, na alasiri ya siku hiyo alifariki, hazijapita saa 24. Mwaka 1975 huko Ujerumani mtaalamu mwingine, Robert Mertens, alifariki siku 18 baada ya kugongwa na nyoka wa Kiafrika mwembamba kama kijiti kikavu (Thelotornis), ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa si wa hatari kubwa. Yupo katika misitu na vichaka vyetu, na kwa wembamba wake hudharauliwa.

Tunayaeleza haya kwa sababu wapo vijana ambao wakishasoma makala kama hii hutaka kuonyesha ujuzi. Kumtambua nyoka asiye na sumu ni kwa ajili ya kumwacha aende zake. Kumshika si sehemu ya somo.

MWEUSI MDOGO WA BAADA YA MVUA

Mvua ya kwanza ikinyesha usiku, hutokea ardhini nyoka wadogo, weusi, wanaong'aa, wasiozidi sana urefu wa mkono. Baadhi ni nyoka-vipofu wanaokula mchwa. Baadhi ni wala mijusi wasio na sumu ya kumdhuru mtu (Lycophidion). Katika Usambara na Taita, hata viumbe wa jamii ya vyura wasio na miguu huhesabiwa humo, ingawa si nyoka kabisa. Watu wa sehemu nyingi huwaita wote kwa jina moja, nyoka wa vichwa viwili, kwa sababu mkia na kichwa havitofautiani.

Kati yao yumo mmoja mwenye sumu (Atractaspis). Meno yake ya sumu ni marefu na hutokea pembeni mwa kinywa kilichofungwa, kwa hiyo mtu aliyemshika vizuri kabisa nyuma ya kichwa, kama wanavyofanya wataalamu kwa nyoka wengine, huchomwa kidole pale pale. Maumivu ni makali, hufuata uvimbe na malengelenge, na wapo waliokatwa vidole. Dawa ya kupambana na sumu yake haipatikani katika hospitali zetu. Kwa kundi hili hatutoi alama zozote za kutofautisha, kwa makusudi. Watoto wafundishwe kwamba mweusi mdogo hashikwi, wala hachezewi kwa kijiti kifupi, basi.

ZAHANATI NA WAFADHILI WETU

Mtu akigongwa, jina la nyoka lina msaada lakini si la kwanza. La kwanza ni kumtuliza, kumvua pete na bangili kabla mkono haujavimba, kukifunga kiungo kwenye ubao au fimbo kisitikisike, na kumbeba kwenda hospitali. Asichanjwe, jeraha lisinyonywe, wala kamba isikazwe. Afikishwe hata kama mashahidi wote wanaapa kwamba nyoka yule hakuwa na sumu. Habari ya Mtume Paulo kule Malta tunaijua sote: wenyeji walimwona ameng'ang'aniwa na nyoka, wakakaa wakimtazama kama atavimba au kuanguka. Walikuwa na busara ya kungojea dalili. Sisi tunaomba tu kungojea huko kufanyike mahali penye muuguzi.

Kungojea kunamaanisha si chini ya saa 24, na kwa nyoka wa miti zaidi ya hapo. Kipo kipimo ambacho zahanati yoyote inaweza kukifanya bila umeme: mililita 2 za damu ya mgonjwa huwekwa katika kichupa cha kioo kipya, kisafi na kikavu, huachwa bila kutikiswa kwa dakika 20, kisha huinamishwa mara moja. Damu ikimwagika bado ni maji, sumu ya kuzuia kuganda imo mwilini. Kichupa kisiwe cha plastiki wala kilichooshwa kwa sabuni, kwa kuwa majibu yatapotosha. Kipimo kirudiwe baada ya saa chache. Ni vichupa vya bei ndogo mno, na kwa maoni yetu ndilo ombi la kwanza ambalo kamati za afya zingepaswa kuwaandikia wafadhili, kabla ya dawa yenyewe.

Dawa ya kupambana na sumu ni ghali, chupa moja kwa kawaida haimtoshi mgonjwa, na yenyewe inaweza kuleta mzio wa kuua, hivyo haitolewi bila adrenalini kuwa tayari mezani. Kumpa mtu aliyegongwa na mla mayai ni kumhatarisha na kumnyima mwingine. Ndiyo maana hutolewa kwa kufuata dalili za sumu, si kwa hofu. Upungufu uliongezeka baada ya kampuni moja ya Ufaransa kuacha kutengeneza dawa yake ya nyoka wa Afrika mwaka 2014. Dozi za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016.

Kufanana kwa nyoka kunawahusu wafadhili pia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Nyoka wa magamba ya msumeno wa Bara Hindi na yule wa Afrika ni ndugu wanaofanana sana, lakini sumu zao si moja. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba huko vijijini Ghana, dawa mpya iliyotegemea sumu ya nyoka wa Bara Hindi ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, vifo miongoni mwa waliotibiwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Kabla ya kununua au kupokea msaada wa dawa hii, karatasi iliyomo ndani ya boksi isomwe, na majina ya nyoka yaliyoandikwa humo yalinganishwe na nyoka wa wilaya yenu. Hata ile ya Afrika Kusini inayotumika kwa kifutu, koboko na swila haimhusu boomslang, ambaye ana dawa yake ya peke yake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila parokia iwe na daftari la picha. Siku hizi simu iko karibu kila nyumba. Nyoka apigwe picha kwa mbali, au akiwa tayari amekufa asiguswe kwa mkono, kwa kuwa kichwa kilichokatwa bado kinaweza kugonga. Picha zinaweza kupelekwa kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watoe jina la kitaalamu. Pembeni yake andikeni jina ambalo wazee wenu wanamwita kwa lugha ya nyumbani, na lile la Kiswahili cha hapo. Neno linalomtaja swila katika kijiji kimoja laweza kumtaja nyoka mwingine kabisa ng'ambo ya mto, na mganga wa zamu aliyehamishiwa kwenu kutoka mkoa wa mbali hawezi kujua mgonjwa anamaanisha yupi.